Kiguu na njia Detroit

Marehemu baba alikuwa mchomeleaji katika kiwanda cha kuunganisha malori, Mombasa. Malori yalifika vipande vipande ndani ya makontena, naye kutwa alisimama stesheni ile ile akichomelea kebini. Jioni hakulalamikia joto wala cheche. "Gari linatembea, mie nimesimama tu," ndivyo alivyosema huku akikanda miguu. Basi nilipofika Detroit kumtembelea mtoto wa kaka yangu, nilimwomba anipeleke nikaone mtindo huu wa gari kutembea na fundi kusimama ulikoanzia.

"Shangazi, wageni wenzako huomba kupelekwa Niagara," akanicheka. Lakini ufunguo alichukua.

Tulianzia barabara ya Piquette. Jengo la matofali, ghorofa tatu, refu na jembamba kama behewa lililosahauliwa stesheni. Lilijengwa 1904, na siku hizi ni makumbusho. Sakafu ni mbao zenye madoa ya mafuta, na madirisha yamejipanga huku na huku ili mafundi wapate mwanga. Kwenye ghorofa ya juu wanakuonyesha kijichumba ambamo Henry Ford na wenzake wachache walijifungia wakibuni Model T, gari lililotoka hapa mara ya kwanza 1908. Nilichokipenda ni hiki: hapa gari ndilo lililosimama. Mafundi walilizunguka, huyu na springi, yule na magurudumu, wakishamaliza wanahamia lingine. Baba angepafurahia.

Kilomita chache kaskazini, kando ya barabara ya Woodward, ndipo mambo yalipogeuka. Kiwanda cha Ford cha Highland Park kilifunguliwa 1910, kazi ya mchoraji majengo Albert Kahn, na 1913 wakaanza kuivuta chasi, yaani fremu ya gari, ipite mbele ya watu. Wazo lenyewe lilichukuliwa kwa sehemu kutoka machinjio ya Chicago, ambako mzoga huning'inia kwenye kulabu ukipita kwa wachinjaji, kila mmoja na kipande chake. Chasi iliyokuwa ikichukua zaidi ya saa 12 ikawa inakamilika kwa saa moja na nusu hivi.

Watu hawakuistahimili kazi hiyo. Mwaka huo wa 1913 Ford iliajiri zaidi ya watu 52,000 ili tu nafasi kama 14,000 zisibaki wazi. Januari 1914 ikatangazwa dola 5 kwa siku ya saa 8, karibu maradufu ya ujira wa awali. Watu walifurika langoni kwenye baridi kali, hata wakamwagiwa maji ya mpira ili watawanyike. Na fedha hizo zilikuwa na kamba: wakaguzi walikwenda hadi nyumbani kwa mfanyakazi kuangalia kama analewa na kama anaweka akiba. Leo mbele ya kiwanda kuna kibao cha kumbukumbu, na jirani yake maduka yanayoitwa Model T Plaza. Tukanunua soda, tukaondoka.

Katika mji wa Hamtramck, anakoishi kijana wetu, niliposikia adhana kwenye kipaza sauti nilidhani nimesinzia nikaota Kibokoni, kwetu Mombasa. Majirani zake ni Wayemeni na Wabangladeshi; zamani walikuwa Wapolandi waliovutwa na kiwanda cha magari cha Dodge, kilichofungwa 1980. Mwaka uliofuata jiji la Detroit likaubomoa mtaa wa jirani, Poletown, watu zaidi ya 4,000 wakahamishwa pamoja na makanisa yao ili kampuni ya magari ya General Motors ijenge kiwanda. Makaburi ya Wayahudi, Beth Olem, yakabaki ndani ya uzio wa kiwanda. Jamaa huruhusiwa kuyazuru siku mbili tu kwa mwaka. Kiwanda chenyewe sasa kinaunda magari ya umeme.

Siku ya pili tukaenda Rouge, kiwanda kikubwa cha Ford huko Dearborn. Hapo Ford alitaka kila kitu chini ya mikono yake: bandari ya meli za madini, tanuri za chuma, karakana ya vioo. Barabara ya Miller, 26 Mei 1937, walinzi wake waliwapiga Walter Reuther na wenzake waliokuja kugawa vipeperushi vya chama cha wafanyakazi. Chama kilikubaliwa 1941.

Wageni hutazama kazi kutoka juu, kwenye ujia wa kupitia. Chini yetu pikapu za F-150 zilikuwa zikisogea polepole juu ya majukwaa mapana, na mafundi wamesimama juu ya majukwaa hayo hayo, wakibebwa pamoja nazo. Nilimkazia macho mmoja. Alifunga kitu mlangoni, akateremka, akarudi nyuma kwa mguu hadi pikapu iliyofuata, akapanda.

"Shangazi, twende, wengine wametangulia."

"Ngoja," nikamwambia. "Namhesabia hatua."