Kuku walikuwa wanataga, ila si bandani

Mwezi wa pili kuku wangu 12 chotara, wa hapa uani Kibaha, walikuwa wananipa mayai tisa kwa siku. Kufika mwisho wa Aprili naokota matatu, siku nyingine mawili. Masika imekolea, kila kitu kimelowa, nikajipa moyo kuwa ni hali ya hewa.

Baadaye nikalaumu chakula, na hapo nilikuwa na kosa kweli. Bei ilipopanda nilianza kujaza pumba. Kuku wa kutaga anataka chakula chenye protini ya asilimia 16 hadi 18, na pumba tupu haifiki huko. Nikarudi kwenye chakula cha kuku wa mayai, nikaongeza chokaa ya mifugo, nikawa macho na maji yasikauke. Wiki mbili za gharama, nikaambulia yai moja zaidi.

"Chinja tu mwanangu, hao wamechoka," bibi jirani akaniambia juu ya ua. Hawakuwa wamefikisha hata mwaka na nusu.

Aliyeniokoa ni bwana mifugo, naye alikuja kuchanja kideri tu. Nilipomlalamikia, akamkamata kuku mmoja, akamgeuza, akapapasa ile mifupa miwili ya nyonga iliyo karibu na njia ya kutagia. "Weka vidole hapa, dada." Vikaenea vitatu, na ile njia yenyewe pana, ina unyevu. "Huyu anataga." Tukawapima wote. Wanane wanataga. Watatu mifupa imebana, hata kidole kimoja kwa shida, na vilemba vimepauka. Mmoja alikuwa ananyonyoka manyoya. Huyo, bwana mifugo akasema nimwache, miezi miwili mitatu atarudi mwenyewe.

Sasa piga hesabu: kuku wanane, mayai manne.

"Jioni wanaingia bandani wenyewe?" akaniuliza. Nikabaki kimya. Karibu mwezi mzima nilikuwa nawaswaga kwa fimbo, na wawili walishahamia kwenye mwembe. Mimi nikidhani ni ukaidi.

Akaniambia niende usiku na tochi na kitambaa cheupe. Saa tatu nikaingia, nikapangusa upande wa chini wa mti wanaolalia. Kitambaa kilitoka na michirizi ya damu. Nikamulika vizuri: kwenye ufa wa mbao vidudu vyekundu, vidogo kuliko punje ya sukari, vinatembea kama vumbi lililopata uhai. Utitiri. Mchana hujificha, usiku hupanda juu ya kuku kunyonya damu. Niliinua nyasi za viota, nazo zimejaa. Mwili uliniwasha hadi asubuhi, na nikawaelewa kuku wangu: nani akae pale nusu saa akisubiri kutaga?

Kesho yake nikachoma nyasi zote, nikang'oa miti ya kulalia, nikamwagia mbao maji yanayotokota, zilipokauka nikapaka oili chafu kwenye kila ufa. Kuku nikawapaka dawa ya unga niliyoelekezwa, nikawawekea na shimo la majivu na mchanga wajigaragaze. Baada ya wiki nikarudia kazi ile ile, kwa sababu mayai ya utitiri yaliyosalia huwa yameshaanguliwa. Nadhani wengi tunashindwa hapo: tunapiga dawa mara moja, tunapumzika.

Mayai ya kuku yaliyokuwa yanapotea niliyapata siku ile ya kwanza ya usafi, nyuma ya rundo la tofali: 19, yamepangwa vizuri kabisa. Nikayatia kwenye ndoo ya maji, yaliyoelea nikafukia, na yaliyozama niliyapasua moja moja kwenye kibakuli kabla ya kupika.

Wiki ya tatu nikafika mayai manane. Wale waliopauka wawili wameanza kurudisha wekundu wa kilemba, wa tatu bado. Kuna jike moja jeusi limekataa katakata kurudi kwenye kiota. Kila asubuhi nazunguka nyuma ya tofali kuchukua yai lake, nikimwachia moja asije akahama tena.