Meymand Ipi? Soma Mstari wa Mahali Kabla Hujalipia Tafsiri Iran

Kinachouma kwenye hati za Iran ni kulipa mara mbili kwa kosa la neno moja. Umeoa au umeolewa huku Iran, unataka ndoa yako itambulike Dar au Mombasa, unampelekea mtafsiri rasmi shenasnameh ya mwenzio, yaani kijitabu chake cha kuzaliwa na utambulisho. Unamlipa, unafuata muhuri wa mahakama, kisha wa Mambo ya Nje. Karatasi ikifika nyumbani, karani anauliza: huu ni mji gani? Kumbe si mji. Unaanza upya, na hela ya mihuri imekwenda.

Chukua Meymand, kijiji cha nyumba zilizochongwa ndani ya mwamba, ambacho UNESCO ilikiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2015. Hicho kiko mkoa wa Kerman. Mkoa wa Fars nako kuna Meymand, na ile ni mji, inajulikana kwa marashi ya waridi. Kiajemi huyaandika majina haya sawasawa. Kwa herufi zetu mmoja huandika Meymand, mwingine Maymand, basi tahajia haikusaidii kitu. Kinachoyatenganisha ni ngazi za utawala, na Mtanzania anazijua kabla hajapanda ndege: ostan ni mkoa, shahrestan ni wilaya, bakhsh ni tarafa, dehestan ni kata, rusta ni kijiji. Meymand ya mwambani ni kijiji katika dehestan ya Meymand, bakhsh ya Markazi, shahrestan ya Shahr-e Babak, ostan ya Kerman.

Watafsiri wengi huteleza kwenye maneno mawili. Shahr ni mji, lakini shahrestan ni wilaya nzima pamoja na vijiji vyake. Wakiandika "mji wa Shahr-e Babak" wamemhamisha mtu kwao. La pili ni Markazi. Maana yake ni "ya kati", yaani tarafa yenye makao makuu ya wilaya. Nimeona ikiandikwa "katikati ya mji", na mbaya zaidi, ikigeuzwa mkoa, kwa sababu Iran ina mkoa unaoitwa Markazi kweli, makao yake Arak.

Sasa hesabu ya watu. Sensa ya 2006 ilikuta Meymand watu 673 katika kaya 181, chini ya wanne kwa kaya. Watu wa kwetu wakisikia hivyo husema hicho ni kitongoji. Si kitongoji. Sheria yetu ya vijiji ya 1975 ilitaka kaya 250. Sheria ya Iran ya 1983 inaridhika na kaya 20 au watu 100. Kwa kipimo cha kwao ni kijiji kamili, chenye baraza la kuchaguliwa. Chini ya watu 1,500 baraza huwa na wajumbe watatu tu, nao ndio humchagua dehyar, ambaye kazi zake zinafanana na za mtendaji wetu wa kijiji. Diwani hakuna, ingawa neno lenyewe asili yake ni Kiajemi.

Usishangae pia kukuta takwimu zinazogombana. Wapo wanaochukua jumla ya dehestan nzima na kuibandika kijijini kwa kuwa jina ni moja. Halafu watu wa Meymand ni wafugaji wanaohama: msimu wa malisho huishi kwenye kambi za muda huko juu, na baridi ikiingia hushuka kwenye nyumba zao za mwambani. Sensa ya 2006 ilifanyika mwezi wa Aban, yaani Oktoba hadi Novemba. Anayefika kiangazi, akakuta milango imefungwa, akatangaza kijiji kimekufa, amehesabu milango. Mwaka wa sensa nao, kwa kalenda ya Iran, huandikwa 1385: jumlisha 621 upate 2006. Kwa tarehe za kuanzia Januari hadi Machi 20 hivi, jumlisha 622.

Kwa hiyo wewe unayejiandaa kuja: kabla ya kulipa, andika ngazi zote tano kwenye karatasi moja, kwa Kiajemi na kwa herufi zetu, kuanzia kijiji kwenda mkoa. Iambatishe na shenasnameh. Omba usome rasimu kabla haijapelekwa kugongwa mihuri, na upitie mstari wa mahali neno kwa neno. Mtafsiri akikupigia simu kuuliza "Meymand ipi?", huyo mshike, mpelekee na hati za wenzako.