Ruta yangu nyuma ya kisanduku cha kampuni: kumbukumbu ya mradi wa nyumbani

Jumamosi, 5 Julai 2025

Leo nimeanza kazi niliyoiahirisha tangu tulipoingiziwa faiba, ule uzi wa kioo unaoleta intaneti: kuweka ruta yangu mwenyewe, yaani kifaa cha kuigawa intaneti nyumbani, nyuma ya kisanduku cha kampuni. Nyumba yetu ya Kibokoni, Mji wa Kale, ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, na nilipopima ukuta kwenye fremu ya mlango wa ukumbini nilipata unene wa sentimita 47. Kisanduku cha kampuni kimefungwa karibu na mlango wa mbele, pale waya ulipoingilia, nacho kinafanya kazi mbili: kinageuza mwanga wa faiba kuwa data, kisha kinaigawa intaneti kwa vifaa vya nyumbani. Kifurushi chetu ni cha megabiti 40 kwa sekunde. Nikiwa hatua mbili kutoka kwenye kisanduku nilipata 39, ilhali ghorofani, chumbani kwa dada yangu anayesomea mtandaoni, nilipata 3, na mara nyingine simu haikushika kabisa. Kasoro basi haiko kwenye faiba, iko baina ya mlango na ghorofa.

Jumapili, 6 Julai

Nimenunua ruta iliyokwisha kutumika na kuiwekea OpenWrt, programu huria iliyoanza mwaka 2004 kwenye ruta za Linksys WRT54G. Nimeichagua kwa sababu inaniwezesha kuona na kubadilisha kila mpangilio, na kwa sababu huendelea kutoa marekebisho ya usalama kwa vifaa vingi ambavyo watengenezaji wake wamekwisha kuviacha.

Nilichomeka waya kutoka kwenye kisanduku hadi kwenye tundu la WAN la ruta, yaani la upande wa intaneti, na intaneti haikuja. Ilinichukua saa mbili kugundua kwamba vifaa vyote viwili vilikuwa vikitumia anwani 192.168.1.1 (namba ya kukitambulisha kifaa mtandaoni), hivyo ruta ilikuwa na mtandao wa namba zilezile mbele yake na nyuma yake, isijue ipeleke data upande gani. Nilipoipa yangu 192.168.50.1, mambo yalikaa sawa papo hapo. Hata hivyo sikuridhika, kwa kuwa anwani sasa zinabadilishwa mara mbili, na ruta kisha na kisanduku, kabla ya kutoka nje, na simu zilizobaki kwenye Wi-Fi ya kisanduku haziioni printa iliyo nyuma ya ruta yangu.

Jumatano, 9 Julai

Nimempigia simu fundi wa kampuni nikamwomba akiweke kisanduku katika hali ya daraja, yaani kipitishe data tu na kuiachia ruta yangu kazi nyingine zote. "Inawezekana, ndugu yangu," akanijibu, "ila kisanduku chenyewe usikiondoe."

Nakiri kwamba nilikuwa na nia hiyo hasa, na maelezo aliyonipa ndiyo yaliyonifunza mengi kuliko yote katika mradi huu. Uzi mmoja wa kioo hutoka kituoni hadi kwenye kigawanyo kisichotumia umeme, ambacho huugawa mwanga uleule kwa nyumba nyingi, mara nyingi 32 au 64. Data inayokuja husafiri kwa mwanga wa nanomita 1490 na kufika katika visanduku vyote ikiwa imesimbwa, kila kimoja kikichukua iliyo yake. Inayokwenda hutumia nanomita 1310, na hapo ndipo penye uzito: mitambo ya kituoni hukipa kila kisanduku zamu yake ya kuwaka, zamu fupi mno, na hukitambua kwa namba yake ya usajili. Kifaa kigeni kikiangaza nje ya zamu, kinaweza kuwaharibia intaneti majirani wote walio kwenye uzi huo. Mpaka wangu basi unaanzia kwenye waya wa shaba unaotoka kisandukuni, na mpaka huo naona ni wa haki. Kile kichwa cha kijani cha faiba, ambacho kioo chake kimekatwa kwa mshazari wa digrii 8, sikigusi, wala sikichungulii.

Ijumaa, 11 Julai

Baada ya isha, kisanduku kikiwa katika hali ya daraja, niliihamishia ruta yangu kazi ya kuunganisha intaneti. Niliingiza jina na nenosiri la PPPoE, utaratibu wa kujitambulisha kwa mtandao wa kampuni, nikasubiri, na upande wa pili haukujibu hata kidogo. Kumbe mtandao wa kampuni hupokea data iliyotiwa alama ya VLAN tu, yaani namba ya kutenganisha mitandao inayopita kwenye waya mmoja, ambayo awali kisanduku kilikuwa kikiiweka chenyewe. Fundi aliponitumia namba hiyo, ruta iliunganika mara moja. Kipimo cha juu cha pakiti, yaani kifungu kimoja cha data, kimeshuka kutoka baiti 1500 hadi 1492, kwa kuwa PPPoE huchukua 8 zake.

Jambo moja limebaki. Anwani niliyopewa inaanza na 100.72, na namba kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255 zilitengwa mwaka 2012 kwa kampuni zinazowagawia wateja wengi anwani moja ya nje. Kwa hiyo siwezi kuifikia ruta yangu moja kwa moja nikiwa nje ya nyumba. Nitaomba anwani ya umma, yaani ya nje iliyo yangu peke yangu, ikiwa bei yake haitaniumiza.

Jumapili, 20 Julai

Mama alinikataza kutoboa: "Mwanangu, ukuta huu uache. Chokaa ikianza kumomonyoka haishiki tena." Nikaupitisha waya wa mita 25 kando ya ngazi, chini ya boriti, hadi ghorofani, ambako nimeweka ruta ya pili inayotoa Wi-Fi tu. Kazi ya kugawa anwani nimeizima huko, ili igawe ile ya chini peke yake. Katika masafa ya gigahazi 2.4, chaneli 1, 6 na 11 ndizo zisizoingiliana, na karibu majirani wote wamerundikana kwenye 6, kwa hiyo nimechagua 11. Chumbani kwa dada yangu nimepima mara tatu kwa gigahazi 5, nikapata 38, 37 na 38.