Karatasi zangu za damu

Mimba ya kwanza niliponea chupuchupu. Uso ulivimba, kliniki wakaniambia ni uzito wa mtoto tu. Siku 4 baadaye nilipata kifafa cha mimba usiku, na foleni ya feri ya Likoni, Mombasa, ilikuwa mbele yetu kabla ya kufika hospitali. Mwanangu alizaliwa wa miezi saba.

Kwa hiyo mimba ya pili nilianza kliniki wiki ya 12. Daktari alinipa aspirini, miligramu 150 kila usiku hadi wiki ya 36, kisha akanieleza jambo ambalo sikuwahi kuelezwa: shida ya kifafa cha mimba inaanzia kwenye kondo la nyuma. Mishipa yake isipojengeka vizuri, kondo humwaga kwenye damu ya mama protini iitwayo sFlt-1, nayo huikamata nyingine, PlGF, inayoilinda mishipa. Kipo kipimo cha kulinganisha hizo mbili; Marekani waliidhinisha cha aina hiyo 2023. Kwa baadhi ya vipimo hivyo, uwiano ukiwa 38 au chini, ugonjwa hauelekei kuanza ndani ya wiki moja. Mimi sikupimwa hicho. Nilipimwa vya kawaida: chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda), ini, figo, na protini kwenye mkojo.

Nilinunua mashine ya presha na daftari. Wiki ya 33 nikahamia kwa mama mdogo, Majengo, ng'ambo ya feri, maana sikutaka tena maji kati yangu na hospitali.

Kilichoniokoa ni kuzihifadhi karatasi za maabara. Kila mara nilikuwa naonana na mtu tofauti, naye anaangalia karatasi ya siku hiyo pekee. Chembe sahani 231,000: sawa. 198,000: sawa. 149,000: "imeshuka kidogo tu, mama." Jioni hiyo nilizipanga zote tatu mkekani, na mama mdogo, ambaye hajui habari za maabara, akasema, "Mwanangu, hizi si zinateremka?"

Presha yangu wakati huo ilikuwa 138 kwa 86, bado haijafika 140 kwa 90. Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Lakini nilikuwa na maumivu chini ya mbavu za kulia, niliyoyadhania kiungulia. Nilimpigia daktari, nikamsomea namba zote kwa mfululizo. Akasema, "Njoo sasa hivi, na uje na karatasi zote."

Kipimo cha nne: 97,000, na vimeng'enya vya ini vimepita mara mbili ya kawaida. Usiku ule presha ikapanda 156 kwa 102. Wakanidunga magnesiamu kuzuia degedege, wakaanzisha uchungu. Nilikuwa wiki ya 35. Binti yangu alilia mwenyewe, Alhamdulillahi.

Chembe ziliendelea kushuka siku moja baada ya kujifungua, zikafika 88,000, na hapo nilitetemeka kuliko leba. Siku ya tano, 164,000. Karatasi hiyo nayo nimeibandika daftarini.