Ngome ya Kisiwani na Hesabu ya Maji

Katika ulimwengu wa kubuni ninaouandikia riwaya, ipo ngome juu ya kisiwa ambacho maji yakipwa huungana na bara, na kwa miezi kadhaa nilishindwa kuamua nani angeshinda vita vyake. Jibu nililipata Mont-Saint-Michel, mlima wa kisiwani wenye ngome huko Ufaransa, ambako tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa hufikia takriban mita 14 wakati wa bamvua, yaani siku za karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida.

Waingereza waliuzingira mlima huo kwa miaka mingi katika Vita vya Miaka Mia Moja kati ya Uingereza na Ufaransa, wakijiimarisha katika kisiwa jirani cha Tombelaine, lakini hawakuuteka kamwe. Mwezi Juni 1434 walileta mizinga ya kurushia mawe makubwa, wakabomoa sehemu ya ukuta, kisha wakarudishwa nyuma na kuiacha miwili, ambayo hadi leo imewekwa karibu na lango. Kinachonivutia zaidi ni kwamba jeshi haliwezi kupiga kambi mchangani wala kuchimba mahandaki chini ya ukuta, kwa sababu bahari hurudi upesi, na anayekimbia hukabiliwa pia na mchanga unaodidimiza watu. Meli nazo hukwama maji yanapotoka.

Kwa hiyo nimefuta sura nzima ya farasi wanaoshambulia kwa kishindo (niliipenda mno, nakiri), na mahali pake nimemweka jemadari mzee anayetazama mwezi kila usiku, akiyangoja maji mafu, yaani siku ambazo bahari hupanda na kushuka kidogo tu.