Kumbukumbu ya reli ya ukutani: hatimaye chumba cha pili kimenyamaza

Imenyamaza, ile reli yangu ya treni ndogo za mfano. Baada ya miezi minne ya kupambana na mlio mmoja tu, jana usiku niliendesha injini ndefu na mabehewa saba kutoka stesheni hadi mwisho wa njia na kurudi, mara sita. Upande wa pili wa ukuta mume wangu alikuwa kitandani. Tulikubaliana kwamba akisikia chochote agonge ukuta mara moja. Nilisimama na kidhibiti mkononi nikiusubiri ule mlio wa kidole ukutani, na haukuja. Nikajua amepitiwa na usingizi. Nikaenda kuchungulia, nikamkuta amekaa wima, sikio ameliegesha ukutani, macho makavu kabisa.

"Umeshaanza?" akaniuliza.

Nilikaa chini pale pale mlangoni. Nimekuwa nikiisubiri sentensi hiyo kuliko nilivyowahi kusubiri injini yoyote.

Kwa waliofuata tangu mwanzo, umeme na mpangilio wa njia ni ule ule: HO, yaani kipimo cha 1 kwa 87 ya treni ya kweli, ubao wa mita 3.6 juu ya vishikizo vilivyofungwa kwenye ukuta wa chumba cha kulala. Ukipima kwa reli ya kweli ni kama mita 313, haitoshi hata treni ndefu kuchanganya mwendo. Kwangu inatosha. Leo siandiki habari za nyaya. Naandika kuhusu ule mlio na kuhusu mume wangu, maana muda wote huu nilidhani ni mambo mawili.

Nilikuwa na hakika kwamba haipendi reli yangu. Kila nikiwasha, ndani ya dakika tano mlango wa chumbani unafungwa. Nikimwonyesha behewa jipya anasema zuri, kisha anauliza nalala saa ngapi. Usiku mmoja akaniambia, "Mke wangu, hiki kitu kinapita ndani ya kichwa changu." Mimi nikasikia: nimechoka na mambo yako. Mtu unayempenda akikichoka kile unachokipenda, unaumia mahali ambapo huwezi kupaonyesha kidole. Sikumwuliza alimaanisha nini.

Nikafanya nililodhani ndilo dawa. Nilizima sauti kwenye dikoda zote, zile chipu ndogo ndani ya injini. Mlio wa injini, honi, breki, vyote nikavishusha hadi sifuri, na mnajua nilivyohangaika kutafuta spika ya kuingia kwenye ile injini fupi. Wiki nzima niliendesha treni bubu. Akasema hakuna kilichobadilika. Nikamjibu kwa hasira, "Sasa unataka niisukume kwa mkono?" Akanyamaza, na mimi nikaenda kulala nimegeukia ukuta ule ule. Neno lile bado nalijutia.

Yeye ndiye aliyepata njia, tena kwa sentensi moja asubuhi wakati anafunga viatu: "Anayesikia ni mimi. Kwa nini hunitumii mimi?"

Nilikuwa nimetegemea programu ya simu ya kupima sauti. Naomba msikilize hapa. Maikrofoni ya simu imetengenezwa kwa ajili ya maongezi, na milio ya chini kabisa inaisikia vibaya. Kwangu ilionyesha tofauti ya desibeli 2 kati ya treni kusimama na treni kutembea, nikajiona nina reli tulivu. Lakini mtetemo ule hausafiri hewani. Unashuka kwenye reli, unaingia kwenye ubao, unafuata vishikizo hadi ukutani, na ukuta mzima unakuwa ngoma. Mimi nimesimama juu ya ngoma, yeye amelala ndani yake. Tangu siku ile kipimo changu kikawa mume wangu: kugonga mara moja ni nasikia, mara mbili ni nasikia zaidi ya mwanzo, kimya ni kimya.

Nilianza na skrubu. Chini ya reli nina sponji ngumu ya milimita 5, na kila mtu anajua skrubu ikipenya sponji hadi kwenye mbao inafanya daraja la mtetemo. Nikazitoa zote, 64. Nikaendesha. Akagonga mara moja. Hakuna nafuu.

Nikaenda kwenye mota za njia panda, zile zinazogeuza reli pale njia inapogawanyika. Zilikuwa za koili, zile zinazopokea umeme wa kapasita kwa mkupuo na kurusha ulimi wa reli kwa nguvu. Kila ukigeuza njia ni kama kupiga ubao nyundo. Nikaweka za mwendo wa pole, zinazochukua kama sekunde 3 kuvuka na hazina kishindo. (Nilijaribu na mota ndogo ya aina ya servo kwenye njia panda moja. Ilitetemeka na kuvuma hata ikiwa imesimama, nikaing'oa siku hiyo hiyo.) Kishindo kikaisha, akafurahi, akasema huo ndio uliokuwa unamshtua akianza kusinzia. Ila muungurumo wa treni kutembea ukabaki vile vile.

Hapo nilikwama wiki tatu. Nilisafisha magurudumu, nilipaka mafuta gia, nilipima upana wa magurudumu yote. Nilibadilisha injini. Usiku mmoja nilikaa juu ya kigoda nikiitazama njia kwa saa nzima bila kuwasha kitu, nikimchukia kila mtu aliyewahi kuandika kwamba sponji inatosha.

Kisha nikakumbuka jambo. Mwezi wa kwanza wa reli hii, kabla sijaweka kokoto, mume wangu hakuwahi kulalamika. Alilala nikiendesha hadi usiku wa manane. Kokoto ndiyo kazi niliyojivunia kuliko zote kwenye ubao huu, niliipanga kwa brashi, punje kwa punje kati ya mataruma, nikaimwagia gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji. Na gundi hiyo ikikauka inakuwa jiwe. Kokoto zangu zilikuwa zimeshuka pembeni mwa sponji hadi kwenye plaiwudi, zikafanya ganda gumu la mita 3.6 linaloshika reli na ubao pamoja. Sponji ipo, lakini imezungukwa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kuibomoa kulichukua Jumamosi mbili. Gundi nyeupe inalainika kwa maji ya uvuguvugu: unalowesha, unasubiri kama robo saa, unakwangua kwa kijiko cha plastiki, unafyonza kwa kitambaa. Kwenye njia panda nililowesha kwa pamba tu ili maji yasishuke kwenye mota. Jumamosi ya pili alikuja kusimama mlangoni akaniona nimepiga magoti, nakwangua kazi yangu mwenyewe. Hakusema kitu. Akaenda akarudi na ndoo ya pili, akaanza upande wa stesheni. Mwaka mzima wa reli hii, hiyo ndiyo mara ya kwanza alikaa chumba kile zaidi ya dakika mbili.

Kokoto mpya nimeshika kwa gundi ya lateksi iliyopunguzwa maji. Ikikauka inabaki kama mpira, ukibonyeza kwa kidole inazama kidogo na kurudi. Pia sikuiacha ifike chini kwenye ubao, nimeikatia ukingoni mwa sponji. Rangi inatoka nyeusi kidogo kuliko niliyotaka, na kwa kweli sijali. Kama unaanza leo, usiguse gundi nyeupe chini ya reli. Itumie kwenye nyumba na miti.

Nikaendesha tena. Akagonga mara moja, lakini polepole. Nikamfuata. "Imebaki kidogo sana," akasema, "kama friji ya jirani." Hilo la mwisho lilikuwa vishikizo. Nilikata vipande vya mpira mnene, nikaweka kati ya kila kishikizo na ukuta, na vingine chini ya ubao, kisha skrubu nikazivalisha washa za mpira ili chuma kisiguse plaiwudi moja kwa moja. Hapo ndipo ukimya wa jana ulipotoka.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya niandike leo badala ya kusubiri picha.

Jana baada ya kuniuliza kama nimeshaanza, akaongeza: "Basi hata ile fupi haigongi tena pale baada ya daraja?" Nikamwuliza ipi. Akasema ile fupi, ile ambayo magurudumu yake yanasikika haraka haraka. Ile ndefu inapita pale *ka-tá* moja na kwisha. Ile fupi inapiga *ka-tá*, halafu *ka-ta-tá*, halafu inanyamaza na mimi naguna.

Anguko la injini fupi! Miezi yote hii imekuwa ikiruka reli pale, mara moja katika safari kumi, na mimi nimeshindwa kabisa kujua kwa nini. Nimeandika humu mara mbili nikiomba msaada. Kumbe kuna mtu aliyekuwa akiisikia kila usiku kupitia ukutani, anazijua injini zangu kwa hatua zao, anajua zinapojikwaa, na anajua ninavyoguna.

Leo mchana nimekwenda pale na tochi. Nimeilaza sambamba na reli, mwanga ukitambaa juu ya chuma, nikaweka jicho usawa wa mataruma. Sentimita 11 baada ya daraja kuna kiungio, na upande wa ndani reli moja imekaa juu ya mwenzake kwa unene wa karatasi. Kwa macho ya kusimama huoni. Ukipitisha ukucha kutoka kushoto unateleza, ukipitisha kutoka kulia unakwama. Injini ndefu ni nzito, inaigandamiza reli chini na kupita. Ile fupi inapanda. Nilipasha kiungio kwa chuma cha kulehemu, nikabana reli zote mbili kwa rula ya chuma hadi risasi ikaganda, kisha nikamaliza kwa tupa. Tumieni tupa ndogo yenye meno laini sana, maana reli hizi ni shaba, nikeli na zinki, zinalika upesi. Karatasi ya msasa siipendi. Inaacha mikwaruzo inayokusanya uchafu, na wiki ijayo unasafisha upya.

Nimewaza sana leo kuhusu wenza wetu. Nawajua wenzangu wanaoingiza boksi jipya nyumbani na kulipanga nyuma ya maboksi ya zamani ili lisionekane, na wanalisimulia wakicheka. Mimi sioni cha kuchekesha. Anayefichwa boksi anajua kuna kitu anafichwa, na kuanzia hapo kila mlio wa treni unamkumbusha. Namjua mwingine ambaye mumewe hakuwahi kuendesha treni hata siku moja, lakini yeye ndiye anayepaka rangi abiria wote, kwa brashi ya nywele tatu, na hataki kuguswa akiwa kazini.

Kabla mapacha Frederik na Gerrit Braun hawajafungua Miniatur Wunderland, maonyesho ya reli za mfano kule Hamburg, Ujerumani, mwaka 2001, kulikuwa na kura ya mtandaoni kuhusu vivutio vya mji, vya kweli na vya kubuni. Reli yao ya HO ilishika nafasi ya 3 kwa wanaume na ya mwisho kwa wanawake. Mimi ni mwanamke na kura ile inaniuma kidogo, lakini naielewa. Watu waliulizwa kuhusu neno, na hakuna aliyeonyeshwa kitu chenyewe. Wale mapacha walifungua tu, wakajaza mandhari yao watu wadogo wanaoishi maisha yao ya kila siku, na vitufe ambavyo mgeni yeyote anaweza kubonyeza. Mgeni anapewa kitu cha kufanya. Mume wangu mimi nilimpa behewa alitazame na aseme zuri. Kazi aliyoifaa, ya kusikiliza, alijipa mwenyewe.

Rod Stewart, yule mwimbaji, alijenga mji wake wa HO kwa zaidi ya miaka 20, na akiwa safarini kwa maonyesho alikuwa akiomba chumba cha ziada hotelini kwa ajili ya vifaa na majengo. Nilipomsomea mume wangu habari hiyo alifikiri kidogo, akasema, "Chumba cha ziada. Siyo ukuta wa pamoja." Yuko sahihi kabisa.

Kilima nilichokuwa nimeahidi kwa mwezi huu hakitajengwa. Nyavu na plasta nimezirudisha kabatini. Wakati tunakunywa chai nilimwambia kinachonisumbua ni lile neno langu la "nakuja sasa hivi", ambalo limemkeshesha mara nyingi kuliko mlio. Akasema reli za kweli hazisemi nakuja sasa hivi, zina ratiba. Tumetumia mchana uliobaki kuchora ratiba kwenye karatasi ya miraba: saa mlalo, stesheni wima, kila treni mstari mmoja wa mshazari, kama zinavyochorwa za kweli. Mistari ikikatana ndipo treni zinapopishana, na hapo ndipo nimegundua stesheni yangu haina njia ya kupishia inayotosha mabehewa saba. Yanaingia matano. Kwa hiyo kazi inayofuata ni kurefusha njia ya pili kwa sentimita 30, na itabidi jengo la stesheni lihamie upande wa dirisha.

Treni ya mwisho ya leo niliiandika saa 3:40 usiku. Ameifuta, akaandika 3:55 kwa penseli yake. Anasema ile fupi haijapita pale baada ya daraja tangu nipige tupa, na anataka kuisikiliza akiwa upande huu wa ukuta.