Nilisubiri mbalamwezi ndipo nikaigusa seva

Hapa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, ratiba ya kazi inapangwa na mwezi. Siku za giza mitumbwi huingia ziwani na taa, na kunapokucha magunia ya dagaa yanapigana vikumbo mizanini. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi wanashona nyavu na hata seva ninayoitunza inapumua.

Seva yenyewe ni kompyuta ya memori GB 8, imekaa chini ya meza ya mnunuzi mmoja, inanuka dagaa kama kila kitu mle ndani. Inaendesha MySQL, programu ya kuhifadhi data na kuijibia maswali. Giza lililopita dada wa kaunta alikuwa akibonyeza “mapokezi ya leo” anasubiri nusu dakika, huku wachuuzi wamemzunguka na vikaratasi vya mizani mkononi. Bosi akaniita: “Kijana, tununue nyingine?” Nikamwambia, “Mzee, nipe hadi mbalamwezi.”

Jioni ile ile niliwasha logi, yaani daftari la MySQL, ya maswali yanayochelewa. MySQL isipoguswa huhesabu kuchelewa kuanzia sekunde 10. Nikashusha hadi 1. Kesho yake logi ilijaa swali moja tu, lile la mapokezi. Nikalipima kwa EXPLAIN, amri inayoonyesha swali linavyotafutiwa jibu, ikajibu ALL: jedwali zima linasomwa, mizigo ya miaka yote, kutafuta ya leo.

Mbalamwezi ilipowaka, nikaweka indeksi, kama faharasa ya kitabu, kwenye safu ya tarehe. Wapi! ALL ile ile. Ilinichukua karibu usiku mzima kugundua kwamba aliyeandika mfumo (sitamtaja) aliifunga safu ndani ya DATE(tarehe), kitendo kinachokata saa na kubakiza siku. Ukiifunga hivyo, MySQL haiwezi kuitumia indeksi ya safu ile. Nikabadilisha: tarehe kuanzia saa sita usiku wa kuamkia leo, isifike saa sita usiku wa kuamkia kesho. Mistari iliyosomwa ikashuka hadi mia na kitu.

Hapo nikapata tamaa. Innodb_buffer_pool_size, memori ambayo MySQL inawekea data iliyokwisha kuisoma, ilikuwa MB 128, kama ilivyokuja. Nikaipa GB 7. Asubuhi MySQL imezimwa na Linux yenyewe, mfumo unaoendesha kompyuta ile, kwa kukosa memori. Bahati mwezi ulikuwa mpevu, kaunta tupu. Nikarudisha GB 5, ikatulia.

Giza lilipoingia tena, dada wa kaunta alibonyeza, akatazama, akabonyeza tena.

“Kaka, mbona imeleta upesi hivi? Si ya jana hii?”